Yowe la Pwani na Sikio la Bara

Wahenga walisema kwamba bahari iliko ndiko mito iendako. Usemi huu ni wa kweli, ila hautaji bahari ipi. Mto Mara, ambao ni mpaka baina ya wilaya ya Tarime na ile ya Serengeti, na ambao hupita jirani na kata ya Matongo, hauendi Bahari ya Hindi. Maji yake huingia Ziwa Victoria, yakatokea Jinja nchini Uganda, yakafuata mto Nile, na mwisho wa safari yake ni Bahari ya Mediteranea katika nchi ya Misri. Matongo yenyewe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na msafiri atokaye huko kwenda Dar es Salaam hana budi kukata zaidi ya kilomita 1,000 za barabara. Kwa hiyo, hata tone la mvua liangukalo juu ya bati la nyumba ya Matongo halina ujamaa na mawimbi yapigayo Kilwa, Tanga au Unguja.

Tumeanza na maelezo haya ya jiografia kwa sababu swali tulilokusudia kulijadili ni la maadili, nalo huonekana wazi zaidi likiulizwa kutoka mahali kama Matongo. Swali lenyewe ni hili: je, mtu aliye salama anao wajibu wa kuijua hatari isiyomfikia? Na onyo, likishatolewa, ni mali ya nani? Ni mali ya yule tu aliye katika hatari, ama ni mali ya wote walisikiao? Tutalichukua wimbi la tsunami kuwa mfano wetu, kwa kuwa hakuna balaa lililo mbali na mtu wa Tarime kuliko hilo. Tukiweza kuonyesha kwamba hata hilo lamhusu, basi mengine yaliyo karibu hayatahitaji hoja.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya kitu chenyewe. Neno tsunami ni la Kijapani. Tsu ni bandari, na nami ni wimbi. Wengi hudhani kuwa ni wimbi la kawaida lililozidi ukubwa, lakini sivyo. Wimbi la upepo hutikisa ngozi ya bahari, ilhali tsunami husogeza mwili wake mzima. Aghalabu huzaliwa pale tetemeko kubwa linapoipasua na kuiinua sakafu ya bahari, na maji yote yaliyo juu ya sakafu hiyo, tangu chini hadi juu, yakasukumwa kwa pamoja. Katika kilindi wimbi hilo huenda kwa mwendo wa ndege, kilomita 700 au zaidi kwa saa, lakini kimo chake ni kidogo hata baharia aliye juu yake huenda asilitambue. Likikaribia pwani na kina kikapungua, mwendo hupungua na kimo huongezeka. Tena haliji peke yake. Huja mfululizo wa mawimbi, moja baada ya jingine, kwa muda wa saa nyingi, na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Baina ya moja na la pili huweza kupita dakika chache au hata saa nzima, na katika kitambo hicho cha utulivu watu wengi wamepotea kwa kudhani mambo yamekwisha.

Pwani yetu imekwisha kuonja balaa hili. Jumapili tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili ya Krismasi, tetemeko la kipimo cha 9.1 lilitokea magharibi ya kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa kumi alfajiri. Mawimbi yake yaliua watu wapatao 230,000 katika nchi 14. Huko Aceh, karibu na chimbuko, watu walikuwa na dakika chache tu kabla ya maji kuwafikia. Kwetu mawimbi yalifika mchana, baada ya kusafiri kwa saa nane au tisa kuvuka bahari nzima. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa waogaji katika fukwe za Dar es Salaam siku hiyo ya mapumziko. Hasara ingeweza kuwa kubwa kuliko hiyo, lakini mawimbi yalifika wakati maji ya pwani ya Afrika Mashariki yamepwa, na hivyo sehemu ya nguvu zake ikaishia mahali ambapo kwa saa nyingine pangekuwa pamejaa.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiriwa na kila mwenye akili. Watu wa Aceh walikosa muda. Sisi tulikosa neno. Muda tulikuwa nao tele. Katika saa nane mtu huweza kutembea kwa miguu toka ufukweni mpaka mbali sana na bahari, akiwa amembeba mtoto na kumwongoza mzee, tena akapumzika njiani. Habari za maafa ya Indonesia, Sri Lanka na India zilikuwa zimekwisha kuenea duniani kabla maji hayajafika Afrika. Nchini Kenya, habari hizo zilipopokelewa, askari walikwenda kuwaondoa watu katika fukwe za Mombasa, na nchi ile ikapoteza mtu mmoja. Bahari ilikuwa moja na wimbi lilikuwa moja. Tofauti ililetwa na neno: liliwafikia nani, na aliyelipata alilifanyia nini.

Wakati ule Bahari ya Hindi haikuwa na utaratibu wa pamoja wa kutoa tahadhari kama ule uliokuwapo kwa miaka mingi katika Bahari ya Pasifiki. Baada ya msiba huo mataifa yalikubaliana mwaka 2005, chini ya shirika la UNESCO, kuuanzisha. Na tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia vimekuwa vikitoa taarifa kwa nchi zote za bahari hii. Kwa upande wetu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzipokea taarifa hizo na kuzitangaza. Hayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini mashine, hata ikiwa hodari namna gani, huweza kupiga yowe tu; haiwezi kukimbia kwa niaba ya mtu. Baina ya yowe na miguu pana kitu kingine, nacho ni utamaduni.

Tulitajapo yowe tunarudi Matongo, maana katika jambo hili watu wa Tarime ni walimu. Katika nchi ya Wakurya yowe halikuwa makelele. Lilikuwa chombo cha umma. Ng'ombe walipoibwa usiku, aliyegundua alipiga yowe, na jirani aliyelisikia hakuuliza kwanza kama ng'ombe walioibwa ni wake. Alilipokea, akalipiga naye, na hivyo likasafiri toka kilima hata kilima kupita mwendo wa farasi, na watu wakatoka. Aliyelisikia akageukia ukutani akalala, alikuwa na maswali ya kujibu mbele ya wenziwe katika baraza la jamii, ambalo Wakurya huliita iritongo. Kwa hiyo palikuwa na wajibu wa namna tatu: wajibu wa aliyeiona hatari, kwamba asinyamaze, wajibu wa aliyelisikia yowe, kwamba alipeleke mbele, na wajibu wa kila mmoja, kwamba atende. Kimoja kikikosekana, ng'ombe wamekwenda.

Tazama jinsi utaratibu huo unavyolijibu nusu ya swali letu. Yowe halikuwa mali ya mwenye ng'ombe. Lilikuwa mali ya wote, kwa sababu ndogo na ya wazi kwamba leo ni zizi la fulani na kesho ni langu. Jirani aliyetoka nje usiku wa baridi hakuwa akitenda hisani. Alikuwa akilipa deni ambalo kesho naye atalidai.

Hata hivyo, msomaji aweza kusema kwamba jirani wa kilima cha pili ni jirani, lakini mvuvi wa Kilwa yu mbali. Yeye hatanisaidia kuwafuata ng'ombe wangu, nami sitamwona akizama. Hoja hii ilikuwa na uzito zamani, enzi ambazo mtu alizaliwa, akaoa na akazikwa katika upeo wa macho yake. Siku hizi haina. Matongo ya leo, iliyo katika eneo la machimbo ya dhahabu la Nyamongo, imejaa watu waliotoka pande zote za nchi. Na watoto wake wamo pande zote za nchi. Binti aliyechunga mbuzi kando ya Mto Mara ni mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam. Kaka yake ni askari Mtwara, na binamu yao ni mwalimu Bagamoyo au mchuuzi Unguja. Jumapili moja wataalikwa na wenzao kwenda ufukweni. Siku hiyo Matongo itakuwa imesimama na miguu mitupu ndani ya Bahari ya Hindi, na usalama wake utategemea kile ilichofundishwa nyumbani na shuleni.

Tena mtoto huyo wa bara yumo katika hatari kubwa kuliko mwenyeji. Maji usiyoyavuka hujui kina chake. Mtoto aliyezaliwa Pangani huijua saa ya kupwa na saa ya kujaa kama vile mtoto wa Tarime ajuavyo saa ya kuwakamua ng'ombe. Huhesabu mwezi, hujua siku za bamvua, ambapo maji huenda mbali sana, na siku za maji mafu, ambapo husogea kidogo tu. Akiona bahari inakimbia na kuacha miamba wazi katika saa isiyo yake, moyo wake hushtuka, kwa sababu anaujua utaratibu na ameona umevunjwa. Lakini mgeni wa bara, asiyeujua utaratibu, hawezi kuona kwamba umevunjwa. Kwake kila kupwa ni ajabu nzuri. Atawaona samaki wakirukaruka juu ya mchanga, ataona kombe na matumbawe, atashuka mbio kuokota. Na huku ndiko kumwendea wimbi njiani. Hivyo kutojua kwa mtu wa mbali si jambo la kumfariji. Ndilo hasa limtialo hatarini.

Yako mapingamizi mawili ambayo hatupendi kuyapita kimya, kwa kuwa husemwa na watu wema.

La kwanza ni la majaliwa. Wako wasemao kuwa ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa, hivyo ya nini kuhangaika na wimbi ambalo huenda lisije katika maisha ya mtu? Sisi twayaheshimu maneno haya. Yamewafuta machozi wazee wetu, na hakuna mwanadamu aliyewahi kufiwa asiyeyahitaji. Lakini kila neno lina mahali pake. Haya ni maneno ya matangani. Kazi yake ni kumtuliza aliyekwisha kutenda yote aliyoweza, akashindwa. Yakisemwa kabla ya msiba hugeuka kuwa ruhusa ya uvivu. Mfugaji wa Matongo hamwachi ndama nje usiku kwa hoja kwamba fisi naye kaumbwa na Mungu. Hufunga zizi, kisha husali. Watu wa dini zote katika nchi yetu hufanya vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuwaona wamepungukiwa na imani kwa ajili ya hilo. Tetemeko chini ya bahari hatuna uwezo wa kulizuia. Hilo tumwachie Muumba. Kumwambia mtoto asishuke ufukweni ni jambo lililo katika uwezo wetu, na kwa hilo tutaulizwa.

Pingamizi la pili ni la yowe la bure. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la kipimo cha 8.6 lilitokea tena karibu na Sumatra. Tahadhari ilitolewa kwa nchi za Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki ikiwamo, na watu wakaondoka ufukweni. Lakini wimbi la kudhuru halikuja. Sakafu ya bahari safari ile iliteleza kwa ubavu zaidi kuliko kuinuka. Je, hao walioacha kazi zao walidanganywa? Mvuvi aliyeacha nyavu zake na mama aliyeacha biashara yake ya samaki wa kukaanga walipata hasara ya siku, na mtu maskini huihesabu hasara ya siku kwa tumbo.

Jibu letu ni kwamba yapo mayowe ya bure ya aina mbili, na haifai kuyachanganya. Yuko apigaye yowe kwa kuwa ameona kivuli gizani, naye kwa nia njema akadhani ni mwizi. Watu wakitoka wakakuta ni mti, hurudi kulala na kumshukuru, maana wamejua kuwa kijiji chao kina macho. Na yuko apigaye yowe kwa mzaha au kwa uzushi. Huyu ameiba kitu kikubwa kuliko ng'ombe, kwa sababu ameiba imani ya watu juu ya yowe, na siku ya mwizi wa kweli hakuna atakayetoka. Katika zama hizi za simu za mkononi, ambapo uzushi husafiri haraka kuliko wimbi lenyewe, hatuna budi kuwaheshimu wa kwanza na kuwakanya wa pili. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwezi wa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, na safari za vyombo baina ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Hakuna ajuaye ni nani hasa angezama lau zisingesitishwa. Ndiyo tabia ya onyo jema: likifaulu halionekani, wala halina kaburi la kulishuhudia.

Basi tuje kwenye jambo ambalo kwa watu wa utamaduni ni kubwa kuliko yote, nalo ni kumbukumbu. Balaa lijalo kila mwaka hujikumbusha lenyewe. Balaa lijalo mara moja katika vizazi kadhaa huhitaji watu wa kulikumbuka kwa niaba ya wale ambao hawajazaliwa.

Katika Ghuba ya Pangani wataalamu walichimba ardhi wakakuta mabaki ya kijiji cha watu wa pwani cha miaka ipatayo 1,000 iliyopita. Juu ya kijiji hicho palikuwa na tabaka la mchanga ulioletwa na bahari, na ndani yake mifupa ya watu. Matokeo ya uchunguzi huo yalitangazwa mwaka 2020, na wachunguzi wakasema kwamba kijiji kilifunikwa na tsunami. Walioishi hapo walikuwa wavuvi na mafundi, wazee na watoto. Msiba wao bila shaka ulisimuliwa na walionusurika, na wana wao, na wajukuu. Kisha mahali fulani, katika kizazi fulani, mtu mmoja hakumsimulia mwanawe, na neno likakatika. Haukutufikia wimbo, wala methali, wala jina. Ilibidi mifupa iseme baada ya ndimi kunyamaza, na ilipokuwa ikisema, msiba wa 2004 ulikuwa umekwisha kupita.

Sasa linganisha na kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia. Kisiwa hiki kiko karibu sana na chimbuko la tetemeko la 2004, na maji yaliwafikia watu wake kabla ya tahadhari yoyote ya mashine. Lakini mwaka 1907 kisiwa kilikuwa kimepigwa na wimbi kubwa, na wazee hawakuliacha lisahauliwe. Walilipa jina, smong, wakalitia katika nyimbo za kubembelezea watoto na hadithi za jioni: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikarudi nyuma, kimbilieni milimani. Watu wa Simeulue walikuwa karibu 78,000. Waliokufa ni 7. Kwa miaka 97 neno moja lilikaa katika vinywa vya watu likingoja asubuhi moja ya kazi, na ilipofika lilifanya kazi.

Nchini Japani walitumia jiwe. Baada ya tsunami ya 1933 watu wa kijiji cha Aneyoshi walisimamisha jiwe mlimani na kuwakataza wana wao kujenga chini ya hapo. Wakatii, na maji ya 2011 yalikoma kabla ya kulifikia jiwe. Jiwe ni zuri kwa mtu akaaye. Lakini mtoto wa Matongo haishi penye jiwe. Yeye ni msafiri, na jiwe halifungwi mzigoni. Neno lenye vina hubebeka bila uzito. Kwa sababu hiyo tunaamini kuwa watungaji wa mashairi katika lugha ya Kiswahili wana deni. Lugha hii ilizaliwa pwani na sasa ni ya taifa zima. Ina majina ya pepo, ya nyota na ya aina za kupwa na kujaa. Ni juu yetu kuitia pia neno la kuokoa, ili mtoto alijifunzie Tarime na kulitumia Tanga. Ubeti mmoja wa namna hii watosha kuanzia, nao si wa kusifiwa kwa ufundi, bali wa kuimbwa na watoto wanaporuka kamba:

Maji yakirudi nyuma, kupwa si wakati wake,
Usishuke ukachuma, samaki na kombe zake,
Panda juu ya kilima, na mwenzio umshike,
Wimbi moja likikoma, jingine li nyuma yake.

Yaliyomo katika ubeti huo yahitaji kufafanuliwa kidogo na mwalimu. Mahali ambapo tetemeko limetokea karibu, ardhi yenyewe ndiyo yowe; atakayetikiswa sana akiwa ufukweni asingoje tangazo. Lakini matetemeko mengi yawezayo kuidhuru pwani yetu hutokea mbali sana, na miguu yetu haitasikia kitu. Ndiyo maana kwetu sisi redio, simu na tangazo la serikali lina uzito wa pekee, na kwa aliyelikosa yamebaki mawili: maji kukimbia pasipo wakati wake, au mvumo mkubwa utokao baharini. Akiona au kusikia hayo, mtu aache nguo, aache nyavu, aache chombo, aende juu au aende mbali na maji. Penye nchi tambarare na pasipo kilima, ghorofa imara ya zege, tangu orofa ya tatu kwenda juu, itamfaa. Aliye katika chombo mbali na pwani akisikia habari asirudi bandarini, maana kilindini wimbi ni dogo. Aliyekwisha kupanda asishuke kwa sababu ya utulivu, mpaka wenye mamlaka waseme kwamba ni salama. Na kabla ya hayo yote, jamaa waishio pwani wakubaliane mapema watakutana wapi na nani atambeba nani, kwa kuwa siku hiyo hapana nafasi ya mashauriano. Mikoko nayo isikatwe ovyo, wala matumbawe yasivunjwe, maana hivyo ni ngao ambazo hazikutugharimu kitu.

Limebaki neno moja juu ya gharama. Mwaka 1854, katika kijiji cha Hiro nchini Japani, palikuwa na mtu mwenye mali, Hamaguchi Goryo. Tsunami ilipokuja jioni na giza likaingia, watu hawakuiona njia ya kupanda. Mtu huyo alitia moto marundo ya mabua ya mpunga wake uliokwisha kuvunwa, na kwa mwanga wa moto huo watu wakaiona njia ya kwenda juu, wakaokoka. Baadaye alitumia mali yake kujenga ukuta wa kukilinda kijiji. Kwa kumbukumbu ya tendo hilo Umoja wa Mataifa uliiteua mwaka 2015 tarehe 5 Novemba kuwa siku ya dunia ya kukumbushana juu ya tsunami.

Mkulima wa Matongo, ajuaye kazi ya kulijaza ghala la ulezi, aelewa vema kuliko mtu wa mjini maana ya kuwasha kiberiti hicho. Onyo la kweli huwa na gharama. Humgharimu mvuvi siku yake, mwenye hoteli wageni wake, mwenye chombo nauli zake, na kiongozi sifa yake endapo wimbi halikuja. Jamii ambayo hakuna aliye tayari kupoteza kitu kwa ajili ya onyo, haitakuwa na onyo. Tena haki yataka gharama hiyo na faida yake vigawanywe sawa. Tahadhari inayomfikia mwenye televisheni katika ghorofa, ikamwacha mama avunaye mwani na kijana atafutaye pweza mwambani, ni tahadhari nusu. Na aliyeachwa ndiye aliye karibu zaidi na maji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu ngazi ya taifa mpaka kijiji. Kamati ya kijiji cha bara isijione haina kazi juu ya bahari. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kijana aondokaye amepewa neno, kama anavyopewa nauli na baraka.

Wala wajibu huu si wa upande mmoja. Mgeni wa pwani aendaye kutafuta riziki katika machimbo ya Nyamongo haijui ardhi ya huko. Hajui kwamba baada ya mvua kubwa kuta za duara huporomoka, wala hajui ufa upi ni wa kupuuzwa na upi ni wa kukimbiwa. Mchimbaji mzoefu wa Matongo akimfundisha, amemlipa mvuvi wa Kilwa atakayemwita kijana wa Tarime siku maji yatakaporudi nyuma. Hivi ndivyo nchi inavyokuwa taifa: hatari za kila pembe zikajulikana pembe zote, na mwenyeji wa kila mahali akawa mlinzi wa mgeni wake.

Basi jibu letu ni hili. Mtu aliye salama anao wajibu wa kuijua hatari ya mwenzake, kwa kuwa usalama wake ni wa mahali alipo tu, na wanawe hawakai mahali pamoja. Na onyo ni amana. Kila alisikiaye amekabidhiwa, na amana hulipwa kwa kuifikisha kwa mwingine. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wahenga hawakusema lazima mwenzako awe wa kijiji chako. Mto Mara na uendelee kwenda Misri kama ulivyoumbwa. Maneno ya watu wa Matongo yana mikondo yake mengine, nayo hayana budi kufika pwani.